Biryogo, Kitongoji cha Kiswahili

Biryogo ni mtaa mdogo, akagari kama tunavyoita hapa Rwanda, katika Sekta ya Nyarugenge jijini Kigali. Umeteremka ubavuni mwa kilima, ukielekea Nyamirambo, mabati ya nyumba yakiwa yamebanana. Hapo ndipo nilipozaliwa, na ndipo nilipoanza kuisikia lugha ninayoisomea chuoni leo.

Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt alianzisha kituo cha utawala Kigali. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, makarani na wafanyabiashara waliosema Kiswahili, wengi wao Waislamu. Mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa Al-Fatah, wa kwanza nchini. Wabelgiji walipotawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliwatenga watu hao katika sehemu iliyoitwa Kambi ya Waswahili. Kutoka nje kulihitaji kibali.

Kibali kiliondolewa, dharau ikabaki. Utotoni mwangu kuitwa Mswahili hakukuwa sifa. Maana yake ilikuwa mjanja asiyeaminika. Mama aliuza duka kwa Kiswahili tangu asubuhi, lakini jioni akishafunga mlango alitusemesha Kinyarwanda tu, tusije tukachekwa shuleni. Bibi peke yake ndiye aliyekataa. Mpaka leo hunigombeza kwa Kiswahili, na hunibariki kwa Kiswahili.

Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Tangu hapo nasikia watu wakisema kwamba Kiswahili ni lugha mpya hapa kwetu. Mgeni gani huyu aliyekaa kilima kimoja zaidi ya miaka mia?

Nina ombi kwa wenzangu na kwa walimu wetu. Tunapotafuta mada za utafiti, tuteremke Biryogo na vinasa sauti. Wazee waliorithi Kiswahili kwa babu zao wanapungua kila mwaka, na watoto wao wengi walilelewa kama mimi. Bibi ana maneno ambayo sijayakuta katika kamusi ninayotumia. Nimeanza kuyaandika daftarini, kila neno na sentensi aliyolitumia. Hadi sasa yamefika 41.