Gunia Moja ni Kilo Ngapi?

Kuna programu ya kuunganisha takwimu inaitwa Kettle, yaani birika. Mbelgiji aliyeianzisha, Matt Casters, hakuishia kwenye birika: dirisha la kuchorea kazi aliliita Spoon, kinachoendesha ugeuzaji ni Pan, na kinachoendesha kazi nzima ni Kitchen. Mwaka 2006 ilihamia Pentaho, majina ya jikoni yakabaki. Unaingiza vibichi, unapika, unapakua.

Vibichi vyangu vilikuwa majedwali matatu ya mauzo ya mpunga kutoka vijiji vya Bukene, wilayani Nzega, kwa ajili ya makala ya bei. Moja linahesabu kwa gunia, jingine kwa debe, la tatu kwa kilo. Programu haijui debe ni nini. Inabidi uifundishe kwa kanuni yako mwenyewe: ukikuta neno hili, fanya hivi.

Saa zilinisumbua kidogo tu. "Saa 2 asubuhi" unaongeza sita, unapata 8:00. Ila kwetu siku huanza jua likizama, kwa hiyo lori lililopakia "saa 3 usiku wa kuamkia Jumatano", kwa kompyuta lilipakia Jumanne, 21:00. Kanuni ikawa: kama ni kabla ya saa sita usiku, rudisha tarehe nyuma siku moja. Dakika kumi, kazi kwisha.

Gunia ndilo lililonikalisha siku mbili.

Rafiki yangu mmoja, fundi wa takwimu, alinishauri kiroho safi: "Si uandike tu gunia ni kilo 100, uzidishe, basi?" Ni mstari mmoja wa kanuni, na jedwali lingetoka safi kabisa. Lakini aliyekulia huku anaijua lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, juu yake linawekwa kilemba, kinashonewa kwa kamba. Sheria ya vipimo inaikataza. Sokoni bado ipo, na bei inayolipwa ni ya gunia moja. Ningezidisha kwa 100, kile kilemba kingefutika. Mkulima angekuwa amepunjwa mara mbili, kwanza shambani na mara ya pili kwenye jedwali langu, na hii ya pili ingekuwa na sura ya ushahidi.

Vipimo vya kubishaniwa si vigeni katika nchi hii. Enzi za misafara ya Tabora, nguo zilihesabiwa kwa shuka na doti, na doti moja ni shuka mbili. Mizigo ilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16. Hata shuka yenyewe ilipimwa kwa mkono, na mkono wa nani, hilo lilikuwa jambo la kujadiliana. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuhitaji kuambiwa uzito wa mzigo. Bega lake lilikuwa linaujua.

Kettle inaruhusu mistari isiyotii kanuni ipelekwe pembeni, kwenye faili lake. Nikaamuru kila "gunia" lisilo na kilo liende huko. Halafu nikaanza kupiga simu.

"Mwangaluka, mama. Yale magunia sita uliyouza, yalikuwa ya kawaida au lumbesa?"

Akacheka. "Mwanangu, la kawaida nani atalinunua?"

"Ulijaza debe ngapi kila moja?"

Hapo hakucheka tena. Alizitaja bila kusita, gunia baada ya gunia, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake. Kumbe takwimu zilikuwepo muda wote, ila jedwali halikuwa na safu ya kuzipokea.

Nikaongeza safu mbili: "gunia kama lilivyolipwa" na "debe kama zilivyojazwa". Bei ya gunia ilibaki ileile katika vijiji vyote. Bei ya debe ilishuka kila kilemba kilipopanda, na hiyo ndiyo niliyoiandika kwenye makala.