Picha Nayo Yataka Maneno

Wengi hudhani ya kuwa picha tuionayo katika ukurasa wa wavuti imebandikwa humo kama stempu juu ya bahasha. Sivyo. Ukurasa wa HTML ni maandishi matupu. Picha hukaa katika faili lake, na maandishi huiita tu. Wito huo huandikwa hivi:

<img src="shamba.jpg" alt="Wavulana wawili wakipalilia mahindi; wa kulia amevaa kofia ya ukindu" width="600" height="400">

Src ni anwani ya faili. Ikikosewa herufi moja, picha haiji. Width na height ni upana na kimo, ili picha iwekewe nafasi mapema, maneno yasirukeruke msomaji angali anasoma. Alama hii ilipendekezwa mwaka 1993 na Marc Andreessen, aliyekuwa akitengeneza kivinjari cha Mosaic katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani.

Imebaki alt, nayo ndiyo iliyotugombanisha.

Muhula huu tulipewa kazi ya kutengeneza kurasa za shamba la shule. Katika kundi letu yumo mwenzetu asiyeona. Yeye husoma kwa masikio, kompyuta ikimtamkia maandishi. Wenzangu wawili walishikilia ya kuwa alt ni kupoteza wakati, maana picha yaonekana. Nami nikawauliza, yaonekana na nani? Tulibishana hata kengele ya chakula ikalia.

Jioni tulimwita mwenyewe asikilize. Picha ya kwanza haikuwa na alt. Kompyuta ikamtajia jina la faili, herufi na tarakimu zisizo na maana. Akangoja, hakusema neno. Ya pili ikasomwa: wavulana wawili, mahindi, kofia ya ukindu. Akainua uso.

"Kofia ya ukindu ni yangu," alisema. "Kumbe siku ile mlinipiga picha!"

Hapakuwa na ubishi tena. Usiku ule tuliandika alt za picha zote zilizosalia.

Tena mtandao ukiwa dhaifu, maneno hayo huonekana pale picha iliposhindwa kufika. Basi hata mzazi aliye mbali hufaidika.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiweka picha jiulizeni: lau ningemsimulia mtu kwa simu, ningesema nini? Hayo ndiyo ya kuandika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne