Vyombo Visivyoguswa

Sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi niliimaliza katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya Mombasa, na wajibu wangu haukuwa kupasua wala kutia watu dawa ya usingizi, bali kutunza ala: makoleo, mikasi, visu, vibanio vya mishipa ya damu, sindano na shashi. Wengi hudhani kwamba taabu ya mtunza ala ni chombo kilichotapakaa damu. Lakini chombo cha namna hiyo hakina hoja, maana uchafu wake ni shahidi juu yake, na kila mtu hukiri kuwa chastahili kuoshwa. Mashaka yangu yalikuwa katika vyombo visivyoguswa, vilivyopangwa mezani tangu mwanzo wa upasuaji hadi mwisho wake, ambavyo kila aliyevitazama aliviona havina kosa lolote.

Kaida ya meza ile ilikuwa kali. Kabla ya tumbo la mgonjwa kufungwa, shashi zote zilihesabiwa, zilizolowa na zilizo kavu pamoja, kwani hesabu ya zilizotumika peke yake haithibitishi kwamba hakuna iliyosahauliwa ndani. Kwa hiyo hapakuwa na ruhusa ya kitu chochote, kijapokuwa safi, kutoka chumbani kabla hesabu haijatimia. Hata ngozi ikiisha kushonwa, meza haikuvunjwa mpaka mgonjwa atolewe salama, kwa kuwa damu yaweza kufumka ndani, jeraha likalazimu kufunguliwa tena papo hapo.

Hapo ndipo nilipovigawa vilivyobaki mafungu matatu. Vifurushi ambavyo havikufunguliwa, ikiwa nguo yake haikulowa wala kutoboka, vilirudi rafuni, vya zamani vikiwekwa mbele ili vitangulie kutumika. Ala za chuma zilizofunguliwa, ziwe ziliguswa au hazikuguswa, zilifuata njia moja: viungo vyake viliachwa wazi, zikasuguliwa kwa brashi ndani ya maji ili matone yasiruke, nayo maji hayakuwa ya moto, kwa sababu moto huigandisha damu katika meno ya koleo, kisha zilikaushwa, zikafungwa upya, zikaingia katika mtambo wa mvuke kwa joto la nyuzi 121 muda wa dakika 30. Fungu la tatu lilikuwa la vitu vya kutumika mara moja tu, kama uzi wa kushonea ambao pakiti yake imekwisha pasuliwa. Huo haukuwa na marejeo kwa mgonjwa mwingine, ila uliwafaa wanafunzi kujifunzia mafundo.

Siku moja, wagonjwa wakiwa wengi barazani, daktari kijana mwenye adabu alinyosha kidole kwenye trei iliyojaa makoleo makavu, akasema, "Mzee wangu, haya hayakuguswa hata na ncha ya kidole, kwa nini tusiyapeleke meza ya pili?" Nilimjibu, "Daktari, umeona kuwa hayakuguswa, au hukuona yakiguswa?" Alinyamaza, maana alijua kama nijuavyo mimi kwamba vumbi la ngozi zetu huelea hewani na kutua juu ya kila kilicho wazi, na kwamba tone la damu laweza kuwa dogo kuliko nguvu ya jicho.

Chuoni utotoni tulifundishwa kuwa yakini haiondolewi na shaka: aliyetawadha, kisha akashuku kama udhu wake umetenguka, huhesabiwa bado ana udhu. Mezani pa upasuaji hukumu ni kinyume chake, kwani shaka ndogo hutosha kuutengua utakaso wa trei nzima. Nilipolitafakari jambo hili niliona kwamba sheria mbili hizi hazigombani: katika ibada mja husimama mbele ya Mola ajuaye yaliyofichika na mwenye kusamehe, bali katika upasuaji twapambana na vijidudu, ambavyo havina msamaha, na atakayelipa fidia ya dhana yetu ni mtu aliyelala, asiyeweza kukataa.

Hata hivyo swali la daktari lilikuwa la insafu, kwa kuwa sabuni, maji, umeme na nyuzi zote zina thamani, na hospitali yetu haikuwa tajiri. Tangu hapo nilianza kuzuia israfu mahali pake, yaani kabla kifurushi hakijafunguliwa. Kila asubuhi nilimwuliza mpasuaji ni kipi atakachokihitaji kwa yakini na kipi kikae karibu kikiwa kimefungwa. Na zile ala ambazo zilifunguliwa mara kwa mara bila kuitwa, niliomba idhini zitolewe katika trei za kawaida, zifungwe peke yake. Trei zikawa nyepesi, na kazi ya kuosha ikapungua. Vijana niliowafundisha walipata kwangu amri mbili tu: wawe mabahili wa kufungua, na kilichokwisha funguliwa wakioshe pasipo kubishana nacho.