Karatasi Moja Yenye Jina Lingine



Kwa Jumamosi nne mfululizo tuliacha hesabu za likelemba zitungoje, tukajazana mbele ya televisheni ya mwenzetu mmoja hapa Mangobo, kila mara umeme ulipokubali. Mpwa wake alikuwa amerudi kutoka Nairobi na flashi yenye mchezo wa zamani wa Wamarekani unaoitwa Survivor. Si filamu. Ni watu wa kweli wanaoshindana porini huku wakipigwa picha usiku na mchana. Mashindano tuliyoyaona sisi yalifanyika Kenya mwaka 2001, katika hifadhi ya wanyama ya Shaba. Kusikia Shaba, mama mmoja mzaliwa wa Likasi aliruka kwenye kiti kwa furaha, kumbe siyo ile ya Katanga. Kijana alitutafsiria neno kwa neno, maana Kiingereza chetu kinaishia kwenye salamu.

Mambo yenyewe ni hivi. Watu 16 wanagawanywa katika kambi mbili. Waliziita Boran na Samburu, majina waliyoazima kwa makabila ya kaskazini ya Kenya. Wanazungushia kambi miiba kwa ajili ya simba, wanachemsha maji machafu ya dimbwi, wanalala na njaa. Kambi ikishindwa inaitwa barazani usiku, kila mtu anaandika jina kwa siri, na mwenye jina lililoandikwa mara nyingi anazimiwa mwenge wake na kuondoka. Hivyo hivyo kwa siku 39, mpaka wabaki wawili. Halafu saba kati ya waliofukuzwa wanarudi kuchagua nani kati ya hao wawili achukue dola milioni moja.

Hapo ndipo tuliponaswa. Big Brother Africa tunaifahamu: Watanzania wawili waliwahi kuishinda, Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014. Lakini kule anayeamua ni mtazamaji aliyekaa nyumbani na simu yake. Huku hakimu wako ni mtu uliyemfungia mlango jana. Mama mmoja akasema basi huo ni mchezo wa wake wenza, tukacheka mpaka mtoto akaamka.

Ugomvi wetu wa kwanza ulihusu maharagwe. Kijana mmoja mrefu, Clarence, alibaki kambini na mwenzao Diane aliyekuwa mgonjwa. Wengine walipokuwa hawapo, akafungua kopo la maharagwe, wakala wawili. Waliporudi, moto ukawaka! Nusu yetu tulimtetea, maana mgonjwa hulishwa. Nusu nyingine tulisema chakula cha wote hufunguliwa mbele ya wote, hata kama ni kijiko kimoja. Kijana akatuomba tunyamaze, tunakosa picha. Diane ndiye aliyetoka wa kwanza kabisa, na Clarence hakusamehewa. Kambi mbili zilipounganishwa na kubaki watu kumi, yeye ndiye aliyeandikwa.

Lakini usiku ule Clarence alipotoka, karatasi moja ilikuwa na jina la Lex. Huyu Lex ni mwanaume wa michoro mwilini, mwenye akili, na ndiye aliyekuwa akiongoza kundi lenye nguvu. Walikuwa wamebaki tisa: watano wa kambi yake ya kwanza, wanne wa upande wa pili. Watano kwa wanne. Lex hakuwa na kazi yoyote ila kunyamaza na kuendelea kuhesabu hadi tano.

Hakuweza. Karatasi ile moja ilimnyima usingizi. Akaanza kuuliza huyu, kuchungulia macho ya yule, na mwishowe akaamua kwamba aliyemwandika ni Kelly, msichana wa kundi lake mwenyewe. Kumbe aliyeandika ni Teresa, wa upande wa pili, na hakukiri. Kelly aliposikia anatafutwa, akakimbilia kwa wale wanne. Sasa wao ndio wakawa watano, na Lex akabaki na wanne. Angetoka usiku uleule, ila mmoja wa wale wanne, Brandon, aligeuka dakika ya mwisho akamwandika Kelly. Mwenge wa Kelly ukazimwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Na Brandon? Baraza lililofuata, hao hao aliowaokoa walimfukuza yeye.

Kijana alisimamisha picha ili atueleze vizuri. Hakukuwa na haja. Chumba kizima kilikuwa kimya, na kila mmoja wetu alikuwa anatazama sakafu.

Wasomaji wa barua hii wa zamani mtakumbuka kwamba miaka miwili iliyopita likelemba yetu ilikuwa na wamama 18. Kumchagua mweka hazina tulikuwa tumezoea kuinua mikono, lakini mwaka ule tukasema tufanye kisasa, kwa karatasi. Karatasi 17 zilikuwa na jina la mweka hazina wetu wa siku zote. Moja ilikuwa na jina lingine. Alikuwa ameshinda, tena vizuri sana! Tungepiga makofi, tugawane karanga, turudi nyumbani. Badala yake tuliziokota zile karatasi tukaanza kulinganisha mwandiko.

Tulimshuku mwenzetu anayeuza samaki. Sababu? Wiki moja kabla alikuwa ameomba kuona daftari. Kuomba kuona daftari ni haki ya kila mmoja wetu, imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lenyewe. Lakini siku ile tuliiona kama ushahidi. Hakuna aliyemwuliza waziwazi. Tulipunguza salamu. Tukahamisha zamu yake kutoka mwezi wa tisa hadi mwisho wa mzunguko, tukaita jambo hilo utaratibu. Alikuwa ameipangia zamu ile karo ya watoto, nasi tulijua, maana yeye mwenyewe alituambia. Jumapili iliyofuata alikuja, akaweka kikwembe chake sawa, akasema anaomba kutoka. Pesa alizokuwa amechanga tulimrudishia kidogo kidogo kwa wiki saba. Mtoto wake mdogo alikaa nyumbani mpaka mwezi wa kumi na moja.

Basi picha ikiwa imesimama, koko wetu, mkubwa kuliko wote, akasema bila kuinua kichwa: "Ile karatasi niliandika mimi."

Tulidhani tumesikia vibaya. Akarudia. Mweka hazina alikuwa na mimba ya miezi minane wakati ule, miguu imevimba, na koko alimwona akitembea na daftari na mfuko kwenye jua. Akaona mtu mwingine amsaidie mwaka mmoja apumzike. Hayo tu. Tukamwuliza kwa nini hakusema. "Mliuliza kwa hasira," alisema. "Mimi mzee, na mimi niliogopa." Mweka hazina alikuwa pale pale, na yule mtoto wa mimba ile amelala mgongoni mwake. Alilia. Si yeye peke yake.

Jumamosi ile hatukuendelea. Mwisho wa mchezo tuliuona wiki iliyofuata, tukiwa wachache. Walipobaki wanne, waliulizwa maswali kuhusu waliokwisha kuondoka: mwanamke gani hana tundu lolote mwilini, sikioni wala penginepo? Kim Johnson, mwalimu mstaafu wa miaka 57, alijibu Kelly, akapata. Lex alijibu Lindsey, akaambiwa amekosa. Baadaye ikagundulika kwamba Lindsey naye hakuwa na tundu, na wenye mchezo wakawalipa fidia Lex na mwenzake Tom aliyetolewa siku ile. Jibu lililompita Lex lilikuwa jina la msichana aliyemfukuza bure! Kisha mama Kim akawashinda vijana wawili kwa kusimama tu, mkono umeshika kinyago, mpaka wao wakachoka. Hapo tulipiga vigelegele, tukasahau huzuni kidogo. Akamtoa Lex, akachagua kukaa mwisho pamoja na Ethan Zohn, kijana ambaye karibu wote walimpenda. Akashindwa kura tano kwa mbili. Wengine wetu wanasema mama huyo alikosea hesabu, angemchukua Lex mwenye maadui. Koko anasema alifanya sawasawa, atalala vizuri. Ethan alitumia sehemu ya pesa zile kusaidia kuanzisha Grassroot Soccer mwaka 2002, shirika linalowafundisha vijana kuhusu ukimwi kwa njia ya mpira, likianzia Zimbabwe.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikwenda watatu kwa yule mwenzetu, pamoja na koko aliyepelekwa kwa toleka kwa sababu ya goti. Tulibeba makemba na chupa ya mafuta ya mawese. Alitupa viti, akatupa maji. Koko akasema mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenzetu alimtazama muda mrefu, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, halafu yale machozi hayakuwa ya kicheko tena. Akamwuliza koko goti linaendeleaje. Tulipomwomba arudi, alisema, "Nitaangalia."

Mzunguko mpya unaanza Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Katika daftari tumeacha mstari wa 18 wazi. Koko anataka, kama akirudi, apewe zamu ya kwanza. Wamama wawili wanapinga, wanasema zamu hupigiwa kura ya bahati na hakuna wa kurukishwa. Mkutano ni saa tisa, nyumbani kwa mweka hazina. Tuje mapema, tulizungumze kabla hatujaanza kuchanga.