Nilimwandikia "Kimya"

Likizo iliyopita nilikwenda Kibondo na dodoso, kwa ajili ya somo letu la mbinu za utafiti. Nilitaka kujua kama walimu wa sekondari hufundisha Kiingereza kwa mawasiliano, kama mtaala wa umahiri wa 2005 ulivyodai. Karibu wote waliweka vema: ndiyo, wanafunzi hujadiliana kwa vikundi. Nikaona kazi imekwisha.

Nikiwa njiani kurudi nilipitia Kasulu, mwalimu mmoja akaniruhusu kukaa nyuma ya darasa lake la Kidato cha Kwanza. Vikundi vilikuwepo kweli. Ila mjadala ulikwenda kwa Kiha, mara Kiswahili, mwishowe mmoja akasimama kusoma sentensi moja ya Kiingereza. Walimu wa Kibondo hawakunidanganya. Dodoso langu halikuuliza lugha.

Basi nikawa nahesabu: nani kasema, kwa lugha ipi. Binti mmoja wa dawati la mbele nilimwandikia "kimya" siku tatu mfululizo. Siku ya nne nilisahau daftari. Akageuka, akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, akitafuta maneno: "Leo huandiki?"

Ripoti naikabidhi Ijumaa. Zile siku tatu bado sijajua niziweke safu gani.