Kabla Hawajaitwa Wavamizi

Katika taarifa nyingi zihusuzo misitu ya magharibi mwa nchi yetu, neno "wavamizi" hutumika kwa wepesi mno. Mimi ni mzaliwa wa Mtendeni, mjini Tabora, na kila nilisomapo neno hilo hujiuliza: ikiwa aingiaye porini na shoka, mbegu na mtego ni mvamizi, Unyamwezi na Ukimbu viliasisiwa na nani?

Masimulizi ya koo nyingi za huku humtaja mwasisi wao kuwa mwindaji. Alifuata wanyama, akakuta maji, akafyeka, akapanda. Hata cheo cha mtemi wengi hukihusisha na kitenzi kutema: wapo wasemao ni kukata miti, na wapo wasemao ni kukata shauri. Kwangu maana hizi hazigombani, kwani aliyefungua ardhi ndiye aliyetarajiwa kuamua nani alime wapi.

Maisha yao hayakuwa ya kubahatisha. Udongo wa miombo una rutuba haba. Kwa hiyo walikata miti, wakaichoma, wakapanda mtama, uwele au ulezi, na baada ya misimu michache wakahama ili ardhi ipumzike. Mvua za Novemba hadi Aprili zilikuwa za jembe. Kiangazi kilikuwa cha mitego, nyavu na mizinga ya magome. Wakimbu, kusini mwa Tabora, walitegemea zaidi nyama ya porini na asali, kwa kuwa mbung'o waliwazuia kufuga ng'ombe. Tembo alipouawa, pembe moja ilikuwa haki ya mtemi. Pori lilikuwa na sheria kabla ya serikali kuliandikia sheria.

Biashara ya misafara katika karne ya 19 ilimfungamanisha mwindaji huyo na masoko ya mbali, naye tembo akageuka bidhaa. Kisha ikaja dola. Mwaka 1896 utawala wa Kijerumani ulitoa kanuni ya uwindaji iliyodai vibali na ada. Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza walizikusanya kaya zilizotawanyika porini katika makazi ya pamoja, kwa hoja ya kupambana na malale. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikarudia mkusanyo huo kwa hoja nyingine. Taratibu, maisha yaliyokuwa kitu kimoja yakapasuliwa: mkulima akaitwa raia, mwindaji akaitwa jangili.

Babu yangu mzaa mama aliishi katikati ya mpasuko huo. Alikuwa mrina asali upande wa Sikonge, na shamba lake la mtama halikuzidi ekari mbili. Mwaka mmoja askari walichoma mizinga yake, wakimwambia amevuka mpaka ambao hakuna aliyewahi kumwonyesha. Hakushtakiwa, aliamriwa tu asirudi. Alichopoteza si asali peke yake. Wajukuu tulipoteza mwalimu wa majina ya miti, njia za maji na majira ya nyuki.

Sisemi turudie enzi hizo. Sensa ya 2022 iliuhesabia mkoa wa Tabora watu zaidi ya milioni 3. Kilimo cha kuhamahama kinadai nafasi ambayo haipo tena, na miombo inakatwa pia kwa ajili ya kukaushia tumbaku. Hifadhi, kama ile ya Taifa ya Mto Ugalla iliyoanzishwa 2019, zina sababu zake za haki. Lakini mwenye shoka la kukidhi njaa hafanani na mwenye lori la magogo, na sera isiyowatofautisha humwadhibu aliye rahisi kukamatwa.

Ndugu zangu watumishi wa umma, nanyi wanafunzi mtakaorithi ofisi hizo: kabla ya kuandika "mvamizi", ulizeni maswali mawili. Huyu yupo hapa tangu lini? Na mpaka umekuja lini? Jibu la pili likiwa changa kuliko la kwanza, tafuteni neno jingine, kisha mketi naye chini mzungumze.