Mbwa wa Langoni Petu

Mwezi wa Juni wezi waliruka ukuta wetu hapa Kolwezi, wakachukua baiskeli yetu ya kazi. Jirani mmoja aliyekuwa akihamia Lubumbashi akatuambia: «Twaeni Doberman wangu, hamtaibiwa tena.» Tulifurahi, lakini tukaona ni vema kufikiri kwanza.

Asili ya mbwa huyu ni mji wa Apolda, Ujerumani. Karibu na mwaka 1890 alianza kufugwa huko na mtoza kodi, Karl Friedrich Louis Dobermann. Husimuliwa kwamba alitaka mlinzi wa kufuatana naye kazini. Basi si mbwa wa kufungwa mnyororo mchana kutwa. Asipokimbizwa na kufundishwa, akili yake nyingi hugeuka kuwa ukali. Dume hufika kilo 40, na bukari tupu haimtoshi. Tena manyoya yake ni mafupi. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu ungemtesa.

Nasi je? Mchana kutwa hatupo nyumbani. Na usiku mtoto hubisha hodi: «Mwalimu, njoo, bibi yetu anakata roho.» Mtoto huyo akutane na nani langoni?

Doberman si mbwa mbaya. Mwenye nafasi, chakula na saa za kumfundisha atapata rafiki mwaminifu. Sisi tulimshukuru jirani, tukakataa. Tumetwaa mbwa mdogo wa kienyeji, tukamchanja sindano ya kichaa cha mbwa. Yeye hubweka tu, nasi huamka. Na baiskeli nyingine tukiipata, italala ndani.